Daktari wa Masikio, Pua na Koo Anajibu: Sikio la Mtoto, Utafiti na Sahihi ya Mzazi

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mwanangu wa pili ana miaka 8, na tangu akiwa na miaka 3 sikio lake la kulia hutoa usaha wenye harufu. Hukauka wiki mbili tatu, kisha huanza upya, hasa akipata mafua au akienda kuoga mtoni na wenzake. Majirani wamekuwa wakinituliza kwamba akikua litaacha lenyewe. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali, nikaambiwa kuna utafiti unaolinganisha dawa mbili za matone, na kwamba dawa atakayopewa mwanangu itaamuliwa kwa kura. Nikapewa fomu ndefu nikaisome nyumbani. Bibi yake amekataa kabisa. Anasema mjukuu wake hatafanywa kitu cha kujaribia. Nimekwama katikati. Je, nitie sahihi?

*Mama wa watatu, Morogoro*

Marahaba, mama. Kabla ya fomu tuanze na sikio lenyewe, kwa kuwa neno la majirani limekwisha kumchelewesha mtoto kwa miaka 5. Sikio linalotoa usaha kwa wiki 2 au zaidi kupitia tundu lililo kwenye ngoma ya sikio lina maambukizi sugu ya sikio la kati, na kukua kwa mtoto hakuyaondoi. Ngoma ya sikio ni utando mwembamba unaotenganisha njia ya nje na chumba kidogo cha ndani chenye vifupa vitatu vinavyopokezana sauti. Utando huo ukitoboka na tundu lisipozibika, maji ya mtoni yanapata mlango, na usaha unaokaa mle chumbani unaweza kuvila vifupa hivyo polepole. Mtoto huanza kusikia nusu ya anachoambiwa, na mara nyingi nyumbani na shuleni huonekana mkaidi au mzito wa akili kabla mtu yeyote hajafikiria kumpima usikivu. Kwa wachache maambukizi huingia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na kutoka hapo huweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo mwanao anahitaji tiba sasa, awe ndani ya utafiti au nje yake, na ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, kichwa kinachouma sana au uso uliopinda upande mmoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kura, ambayo ndiyo inayomtisha bibi. Nitakueleza utafiti mmoja uliofanyika jirani zetu Kenya, katika wilaya ya Kiambu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet. Wakati huo ushauri uliotolewa sana kwa sikio la usaha ulikuwa kulikausha tu: unasokota pamba, unaiingiza taratibu, inanyonya usaha, unaitoa na kuweka nyingine, mpaka itoke kavu. Ushauri huo ulikuwa wa bei nafuu, haukuhitaji duka la dawa, na ulionekana kuwa na mantiki, kwani kila aliyeufuata alimwona mtoto akipata nafuu kwa muda. Lakini usaha wa ugonjwa huu huja na kwenda wenyewe, kama ulivyoona kwa mwanao, na kwa hiyo mzazi au hata daktari aliyekausha sikio leo na kulikuta kavu juma lijalo hana njia ya kujua kama ni pamba iliyofanya kazi au ni ugonjwa uliojipumzikia.

Watafiti wakachukua watoto wa shule 524 wenye ugonjwa huu wakawagawa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikaushwa sikio tu. La pili lilikaushwa sikio na kupewa pia dawa za kuua vijidudu, za kumeza na za matone, pamoja na steroidi ya kupunguza uvimbe. La tatu halikupewa tiba maalumu. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya watoto wa fungu la pili. Katika fungu lililokaushwa tu ulikoma kwa asilimia 22, na katika fungu lisilotibiwa ulikoma kwa asilimia 22 vilevile. Zitazame tena hizo namba mbili za mwisho, mama. Kukausha peke yake, kazi iliyofanywa kwa uaminifu na mikono mingi, hakukuzidi kutofanya lolote. Kura ndiyo iliyoonyesha jambo hilo, kwa sababu ilihakikisha kwamba watoto wenye hali mbaya, wenye wazazi wenye uwezo na wanaoishi karibu na zahanati hawakurundikana katika fungu moja kwa upendeleo wa mtu. Mahali ambapo madaktari kwa kweli hawajui dawa ipi ni bora, kura ni namna ya haki ya kugawa, na mtoto hapunjwi.

Sitakuficha upande wa pili wa matokeo hayo. Tundu la ngoma ya sikio lilikuwa limeziba kwa asilimia 15 tu ya watoto waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 13 katika kila moja ya mafungu mengine mawili, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Dawa hukausha sikio. Kuziba tundu ni habari nyingine, na mara nyingi huhitaji upasuaji baadaye. Hata hivyo watoto ambao masikio yao yalikauka walisikia vizuri zaidi kuliko wale walioendelea kutoa usaha, na kwa mtoto aliye darasani hilo si dogo.

Hofu ya bibi naiheshimu, na ningependa umpe nafasi ya kuisema yote. Wapo watu waliotumiwa vibaya kwa jina la sayansi, na ndiyo maana mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki, ambalo pamoja na mengine linataka tiba mpya ipimwe dhidi ya tiba bora iliyokwisha kuthibitishwa, isipokuwa kwa sababu nzito na zenye mipaka. Hapo ndipo penye swali lako la kwanza kwa daktari: je, kila mtoto katika utafiti huu, kura imwangukie wapi, atapata dawa ambayo tayari inajulikana kufaa, au nyingine inayotarajiwa kwa sababu za msingi kuwa sawa nayo? Katika miaka ya 1990 jibu la tiba bora lilikuwa bado linatafutwa. Leo mtafiti anayetaka kumwacha mtoto mwenye usaha bila tiba yoyote anapaswa kujieleza sana, na mimi nisingetia sahihi.

Uliza pia kibali. Nchini kwetu utafiti wa tiba hupitiwa na kamati ya maadili, ikiwemo ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa hupita pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Namba ya kibali na simu ya kamati zinatakiwa ziwe kwenye fomu uliyopewa, nawe una haki ya kupiga simu hiyo. Uliza nani atamtibu mtoto na kwa gharama ya nani iwapo dawa itamdhuru. Uliza kama usikivu wake utapimwa mwanzo na mwisho. Kurudishiwa nauli ni halali, lakini ukiona unavutwa kwa pesa nyingi, simama. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba unaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kutaja sababu, na hospitali haiwezi kumnyima tiba ya kawaida kwa sababu hiyo. Na yeye mwenyewe muulizeni. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuelezwa kwamba atatiwa matone kila siku na kupimwa masikio, na akikataa asishikwe kwa nguvu.

Majibu yakiwa ya wazi, mimi ningetia sahihi. Yasipokuwa wazi, rudisha fomu bila aibu na uombe tiba ya kawaida hapo hapo.

Salaam daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kakamega. Darasani mwangu wapo watoto wawili ambao masikio yao hutoa usaha. Wazazi wa mmoja hununua matone ya jentamisini dukani, wa mwingine humtia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Kuna mwenzangu aliyeniambia jentamisini huua masikio. Je, ni kweli, na mimi mwalimu naweza kufanya nini?

*Mwalimu, Kakamega*

Mwenzako ana hoja, mwalimu. Jentamisini ni ya ukoo wa dawa unaoweza kuharibu seli za usikivu na za mizani zilizo katika sikio la ndani, na seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Madaktari wenyewe huitumia sifa hiyo kwa makusudi: mtu mzima mwenye kizunguzungu kikali cha ugonjwa wa Ménière huweza kudungwa jentamisini ndani ya sikio la kati ili kukidhoofisha kiungo cha mizani kinachomsumbua. Ikiwa ngoma ya sikio ina tundu, matone ya dukani yanaweza kufika mahali hapo hapo bila daktari kukusudia wala kujua. Si kila mtoto aliyetiwa huumia, lakini hakuna sababu ya kubahatisha wakati ipo dawa isiyojulikana kuwa na madhara hayo. Mafuta nayo yaachwe kabisa, pamoja na maziwa ya mama, maji ya majani na kitu kingine chochote cha jikoni.

Dawa ninayoisema ni matone ya siprofloksasini, na ushahidi wake umetoka katika shule za kwenu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanafunzi 39,841 nchini Kenya walipimwa masikio, wakapatikana watoto 427 kutoka shule 141 walioingia katika utafiti. Kwa kura, nusu yao walipewa siprofloksasini na nusu nyingine asidi ya boriki iliyoyeyushwa katika alkoholi, dawa rahisi ya kusafishia ambayo imetumika kwa miaka mingi. Baada ya wiki 2 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 59 ya waliopewa siprofloksasini na asilimia 32 ya waliopewa asidi ya boriki. Wale wa asidi ya boriki walilalamika zaidi maumivu na muwasho, na masikio yao yalitoka damu zaidi yalipofutwa.

Jambo ninalolipenda zaidi katika utafiti huo ni namna tiba ilivyotolewa: watoto walitibiana wenyewe kwa wenyewe, mara mbili kwa siku. Nawe unaweza kulisimamia hilo pale shuleni, kliniki ikishathibitisha ugonjwa na kuandika dawa. Mwenzake aliyefundishwa ananawa mikono, anasokota pamba safi hadi iwe na ncha laini, mgonjwa anainamisha kichwa, pamba inaingizwa taratibu na kubadilishwa mpaka itoke kavu. Ndipo matone yanaingia, na mtoto analala kwa ubavu dakika chache huku kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio kikibonyezwabonyezwa ili dawa ishuke. Kukausha, ambako peke yake hakukufaa kule Kiambu, hapa kunaifungulia dawa njia. Kijiti cha kiberiti kisitumike kamwe. Na leo hii, kabla ya lolote, wahamishie watoto hao kiti cha mbele, kila mmoja sikio lake zima likiwa upande wako.

Habari daktari. Mtoto wetu wa mwaka 1 na nusu anakohoa kwa wiki 3 na kutapika. Mama mkwe anasema ni kimeo, kuna mzee anayekikata vizuri. Jirani mwingine anasema hospitali nao hukata, mradi wanaita mafindofindo. Tofauti ni nini?

*Baba mpya, Temeke*

Hivyo ni viungo viwili. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza na kutamka. Huonekana kimerefuka mtoto anapougua, lakini kikohozi hutoka kwingine, na mtoto aliyekatwa hubaki na ugonjwa uleule akiongezewa kidonda. Madaktari wa nchi hii wamepokea watoto waliovuja damu nyingi, waliooza koo na waliopata pepopunda baada ya kukatwa, na kisu kinachopita koo hadi koo hubeba magonjwa ya damu.

Mafindofindo hukaa pande mbili za koo, na ni kweli hospitali huyatoa, ila kwa kipimo. Kipimo kinachofuatwa na wengi kinatokana na utafiti uliofanyika Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1984, ambapo watoto walioingizwa walikuwa wameugua koo kwa dalili zilizoandikwa angalau mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Waliopasuliwa waliugua koo mara chache zaidi katika miaka 2 iliyofuata, lakini wengi ambao hawakupasuliwa nao walipata nafuu, na ndiyo maana mtoto asiyefikia kiwango hicho huachwa kwanza na kufuatiliwa. Mafindofindo makubwa yanayomziba mtoto pumzi usingizini ni sababu nyingine ya kuyatoa.

Mwanao kwa sasa hahitaji kisu cha aina yoyote. Kikohozi cha wiki 3 kwa mtoto wa umri huo kinahitaji kusikilizwa kifua, kupimwa uzito na kuchunguzwa kifua kikuu na kifaduro, na kama mlimwona akipaliwa na karanga au punje siku kikohozi kilipoanza, mwambieni daktari hilo kabla ya jingine lolote. Mpelekeni kesho asubuhi, na mama mkwe aende nanyi asikie mwenyewe.