Ile picha si Manzese, ni mtaani kwetu huku England

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili nikiwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mama wa siti ya jirani akanitazama. Unauliza ile picha ya magari yaliyopanda njia ya waenda kwa miguu nimeipiga Ulaya kweli au Manzese. Halafu unauliza kama ni kweli halmashauri za huku zinafilisika, au tunazusha tu ili msije.

Picha ni ya hapahapa kwetu. Na ndiyo, zinaishiwa.

Nianze na magari. Mtaa wetu una nyumba za safu za matofali mekundu, za enzi za Malkia Victoria, zilizojengwa gari lenyewe halijabuniwa. Hakuna geti wala uwanja wa mbele. Ukifungua mlango umeshakanyaga njia ya watu. Leo kila nyumba ina gari, nyingine matatu. Barabara ni nyembamba, na yakiegeshwa chini pande zote mbili lori la taka halipiti, la zimamoto ndiyo usiseme. Basi kila mtu anapandisha tairi mbili juu ya ukingo na kujiona mstaarabu. Pita hapa saa moja jioni, njia ya miguu imebaki upana wa mtu mmoja tena aliyekonda.

Mimi njia hiyo naijua kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Kazi yangu ya kutunza wazee majumbani unaifahamu. Kuna bibi mmoja, ameshavuka miaka 80, Alhamisi huwa namsukuma mpaka duka la dawa, kama mita 400 hivi. Tukifika penye gari nageuza kiti, nashuka ukingoni kinyumenyume, maana ukishuka kwa mbele unammwaga, tunaingia barabarani tukipigiwa honi, halafu tunatafuta pa kupandia. Wiki iliyopita tulishuka mara tano. Mara ya nne bibi alilipiga gari la watu fimbo kwenye kioo, na hakupiga kwa upole. Mimi nikasukuma haraka.

Usidhani nilinyamaza. Nilipiga simu halmashauri, wakasema pasipo na mstari wa njano wa kukataza maegesho hawana mamlaka, huko ni kuziba njia, nipigie polisi. Polisi wakaniambia nijaribu halmashauri. (Hapo nilijisikia niko nyumbani kabisa.) Sheria zao zenyewe zinachekesha. Kuendesha chombo juu ya njia ya miguu ni kosa tangu 1835, zama za farasi, lakini kuegesha juu yake kumepigwa marufuku kwa ujumla London tu, tangu 1974. Scotland wamefuata juzijuzi: Edinburgh walianza kutoza faini mwanzoni mwa 2024, pauni 100, ukilipa ndani ya siku 14 ni 50. Sisi wengine wa England tunategemea mtu awe na haya, au halmashauri itoe amri maalumu na kuweka vibao, mtaa kwa mtaa. Na hiyo inataka hela.

Sasa hela. Halmashauri za huku kisheria haziruhusiwi kupanga matumizi yanayozidi mapato. Ikionekana hesabu haifungi, mkuu wa fedha anatoa notisi ya kifungu cha 114, yaani matumizi mapya yote yasimame isipokuwa yale ambayo sheria inawalazimisha. Birmingham, jiji la watu zaidi ya milioni moja, waliitoa Septemba 2023. Mzigo mmojawapo ulikuwa madai ya wafanyakazi wanawake waliokuwa wanalipwa pungufu kuliko wanaume. Nottingham wakafuata Novemba. Aprili 2024 kodi ya halmashauri Birmingham ikapanda karibu asilimia 10, wakati halmashauri za aina hiyo kwa kawaida hazivuki 5 bila kura ya wananchi au ruhusa ya serikali.

Hiyo kodi ndiyo msiyoihesabu mkisikia mshahara wa pauni. Haihusiani na kipato; ni ya kukaa ndani ya nyumba, hata kama umepanga. Nyumba zinapangwa madaraja kwa thamani yake; wastani wa nyumba ya daraja D, la katikati, England mwaka 2025/26 ulikuwa pauni 2,280. Sisi tuko daraja la chini kidogo, na bado inauma. Wengi tunailipa kwa miezi kumi, Aprili mpaka Januari. Februari na Machi ndiyo watu wananunua viatu.

Kwa hiyo watu wana hasira. Wanalipa zaidi, na vigae vya njia vimepasuka kwa uzito wa magari hayohayo. Kila mtu anauliza hela inakwenda wapi. Mimi najua inakokwenda, kwa sababu naila. Sehemu kubwa inamezwa na matunzo ya wazee, watu wenye ulemavu na watoto, mambo ambayo sheria haiwaruhusu kuyaacha. Kampuni iliyoniajiri inalipwa na halmashauri. Bibi akilalamikia kigae kilichomrusha kwenye kiti, hela ya kigae hicho imo kwenye dakika zangu 30 za kumwogesha. Zamani zilikuwa 45. Sijamwambia.

La mwisho nikuambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa shemeji yako: na gari la kwetu linapanda ukingo. Mwezi jana tulikuta karatasi kwenye waipa, kalamu ya bluu, mama mwenye mapacha anaomba tafadhali, kigari cha watoto hakipiti. Nikamwambia shemeji yako alipeleke mtaa wa nyuma, mwendo wa dakika saba, na mvua ya huku nimeshakusimulia. Asubuhi yake natoka kwenda kazini, pale petu pameshaingia gari la jirani wa namba 12, tairi mbili juu.