Msichana wa kazi anayeteswa nyumba ya jirani: nenda kwa sheha, lakini usikubali suluhu

Ndugu uliyeuliza kuhusu yule msichana wa nyumba ya pili, aliyeletwa kutoka Pemba "kusomeshwa" na mwaka wa pili huu hajaonekana na sare ya skuli: mimi nimekaa miaka saba nikimwandikia sheha mmoja (kiongozi wa serikali wa mtaa) wa Mjini, Unguja, kazi ya daftari na barua. Nakujibu kwa niliyoyaona pale barzani.

Kwanza, usingoje mtoto aje mwenyewe kulalamika. Haji. Wa kwetu wa mwanzo, wa miaka kama 14, alipiga hodi asubuhi akitaka "barua ya kupandia boti", basi. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa dawa ya kufulia, kavificha nyuma ya mgongo ili tusivione. Sheha akamuuliza, "Mwanangu, kakuleta nani?" Akasema shangazi. "Na shangazi yuko wapi?" Akanyamaza, macho kwenye muhuri uliokuwa juu ya meza.

Tulivyolimaliza lile ndiko kunakonifanya niandike leo. Mwenye nyumba aliitwa, mama mwenye heshima zake mtaani, wakakaa, pakaombwa radhi. Akatoa shilingi 50,000 na nauli ya boti, kwa kazi ya miezi 19. Karatasi ya suluhu niliiandika kwa mkono wangu. Ramadhani haijaingia, tukasikia yuko nyumba nyengine, mtaa wa tatu kutoka kwetu, kapelekwa na "shangazi" yule yule. Sijajisamehe mpaka leo.

Kwahivyo hili si jambo la kusuluhishwa barzani. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inafanya kazi Bara na Visiwani, na kwa mtoto, kusema kwamba alikubali mwenyewe au wazee wake waliridhia si utetezi. Mwaka 2022 ikakazwa, ile njia ya mkosaji kulipa faini akaepuka jela ikaondolewa. Sheha hana madaraka ya kusamehe. Kazi yake ni kuandika, kumtoa mtoto kwenye hatari, na kulipeleka mbele: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ukikwama, piga 116, namba ya msaada kwa mtoto.

Utajuaje kama ni ulezi au ni utumwa? Maana sisi tunalea watoto wa ndugu, na ni jambo jema. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama mkubwa. Angalia chuo, yaani madrasa ya Kurani. Hapa kwetu hata mtoto wa masikini kabisa anakwenda chuoni. Asiyekwenda skuli wala chuo, na wenzake wa nyumba ile ile wanakwenda, huyo mna jambo. Angalia anapolala, anakula na nani, na kama anazungumza na mama yake kwenye simu bila ya mtu kusimama karibu. Baada ya kosa letu tukaanza kuyaandika kwenye daftari la wageni, mbele ya jina: kaletwa na nani, simu ya mzazi, skuli gani, chuo gani. Mstari mmoja tu, na kwa mstari huo tuliwagundua wasichana wawili.

Tunasema utumwa Unguja na Pemba ulifutwa 1897. Lakini amri ile haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaudai uhuru wake. Wengi hawakwenda. Waende, halafu wakale wapi?

Swali hilo bado liko nasi. Msichana wa mwisho tulimpeleka kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha unawapata pahala pamoja, na mtoto harudii hadithi yake mara tano. Hapo niliridhika. Lakini pahala pa kumlaza hapakupatikana; ofisi moja ilituambia turudi Jumatatu, na siku yenyewe Ijumaa. Alilala siku tatu kwa mjumbe wetu mmoja, bibi mjane, akala kwa pesa za bibi. Nyumba mbili tatu kama ile katika kila wilaya, zikaandikishwa na kupewa pesa ya chakula, zingetusaidia kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Na kumrudisha Pemba si kumkatia tiketi tu. Sheha wa kwao alipigiwa simu kabla boti haijaondoka, akampokea bandari ya Mkoani pamoja na mama yake. Madai ya mshahara yalipelekwa Kamisheni ya Kazi na hesabu ya kila mwezi, hayakuachiwa hisani ya mwenye nyumba. Kisha kila mwezi, mwaka mzima, tukawa tunampigia sheha yule. Mwezi wa pili akatwambia shangazi kaja tena, na khanga mbili mpya mkononi. Mama mtu hakumfungulia mlango.

Wewe basi, leo baada ya alasiri mwendee sheha pamoja na mtu mmoja wa kushuhudia. Usimhoji mtoto mlangoni, atapigwa ukishaondoka. Sheha aandike mbele yako, na wewe uchukue tarehe na jina la aliyeandika. Akianza kukwambia "tutakaa tulizungumze", mshukuru, uende Dawati jioni hiyo hiyo.