Nywele za Medusa na sirizi ya Inhumans: shida ilikuwa hela au mpangilio?

Swali: Habari za kazi mkuu. Nimemaliza kuangalia Inhumans, ile ya Marvel kuhusu familia ya kifalme yenye nguvu za ajabu, iliyoonyeshwa ABC 2017, episodi zote 8, na nimebaki na hasira. Malkia Medusa nguvu zake zote ziko kwenye nywele, alafu episodi ya kwanza tu ananyolewa kipara. Washkaji wanasema ni bajeti ya CGI, yaani picha za kutengenezwa kwa kompyuta. Naomba unieleweshe kitaalamu, nywele zinakuwaje ghali wakati yule mbwa mkubwa Lockjaw walimweza? Na kuipeleka IMAX, zile kumbi za sinema zenye skrini kubwa sana, kulisaidia au ndo kuliiharibu? Au lawama zote abebe mwandishi?

Jibu: Nzuri mkuu, na pole maana hasira yako naijua, mimi mwenyewe niliisubiri hii kitu kwa hamu sana. Nianze na nywele kwa sababu ndo kazi yangu ya kila siku, kuunganisha vitu vya CGI na picha iliyopigwa na kamera.

Lockjaw ni mwili mmoja, mzito, una manyoya mafupi yaliyolalia ngozi. Ukishamjengea mifupa na misuli kwenye kompyuta, manyoya yanafuata ngozi inakoenda basi, na shoti zake nyingi kasimama, kalala, au anatokea na kupotea na watu wake, maana uwezo wake ni kuwahamisha papo hapo. Mwigizaji anamgusa mara mojamoja. Ana gharama yake, sio bure, ila anatabirika.

Nywele za Medusa sio nywele, ni mikono. Zinakamata, zinakaba, zinarusha mtu. Chukua shoti moja ya sekunde 4 tu, nywele zimemkaba mtu shingoni. Kwa fremu 24 kwa sekunde hizo ni fremu 96. Animeta kwanza anazichezesha kama anachezesha mkia wa mnyama, alafu kompyuta inapigia hesabu mafungu ya nyuzi moja moja, zisipenye bega, zisizame ndani ya gauni, zikigusana zisigandane kama kamba. Ikikosea fremu ya 60 unarudi mwanzo. Zikikubali ndo zinakuja kwangu, na kwangu ndo kuna kazi yenyewe maana siku ya kushuti yule aliyekabwa alikuwa ameshika hewa, vidole vyake vinatakiwa vionekane viko juu ya nywele kwa hiyo nakata kidole kimoja kimoja, fremu kwa fremu. Wigi aliyovaa mwigizaji nayo inabidi ifutwe mahali ambapo nywele zinatakiwa ziwe zimeinuka, na ukiifuta lazima utengeneze ukuta uliokuwa nyuma yake. Bado kivuli cha nywele kwenye shavu. Bado mwanga, maana taa ikitokea nyuma nywele nyekundu zinawaka kingoni, na usipoziwasha mtazamaji hatajua kakosewa nini ila atahisi kuna kitu kimebandikwa pale.

Kwa hiyo ndio, washkaji wako wako sahihi kwamba nywele ni kazi ghali kuliko mbwa, na sirizi ya TV haina miezi ya kukaa na shoti moja kama muvi.

Ila hapo kwenye hela naomba tusiishie, kwa sababu iwe Maximus, mdogo wake mfalme aliyempindua, alimnyoa kwa ajili ya stori au kwa ajili ya bajeti, kwako wewe uliyekaa mbele ya skrini matokeo ni yaleyale. Hebu hesabu na mimi. Medusa kanyolewa. Crystal, mdogo wake, kafungiwa. Karnak, ambaye uwezo wake ni kuona udhaifu wa kila kitu kabla hajapiga, kaanguka kagonga kichwa na uwezo umevurugika. Lockjaw naye haikuchukua muda akaumia akawekwa pembeni. Black Bolt, mfalme na mume wa Medusa, kwa asili yake haongei, maana neno moja linabomoa. Yaani hatujamaliza hata nusu ya safari na karibu familia nzima ya kifalme imeshanyang'anywa kile kilichokufanya uwashe TV. Alafu wametawanywa Hawaii kila mtu kivyake, kwa hiyo hata ule utamu wa kuwaona kama ndugu wanagombana na kupatana haupo.

Kumnyang'anya shujaa nguvu ni stori nzuri sana, mimi naipenda. Ila lazima kwanza nizione hizo nguvu, nizizoee, nizitamani, hadi zikiondoka niumie kama zimeondoka kwangu. Medusa alitakiwa atembee na nywele zake episodi tatu nne, zimfungulie mlango, zimshike mumewe bega akiwa na huzuni, zimwokoe mara moja mahali pabaya, ndo wembe uje. Ukimnyoa kabla sijamjua mimi naona mwanamke kanyolewa, huruma ipo, ila malkia kuvuliwa taji sijaona.

Na hata hela haikulazimisha hivyo. Shoti sita nzuri za nywele zilizopangwa vizuri zinatosha kunifanya niamini. Nyingine zote unaweza ukazificha, ukaonyesha kivuli ukutani, ukaonyesha kikombe kinasogezwa mezani na ncha tu ya nywele. Hizo ni mbinu za zamani na hazina gharama kubwa, zinataka mtu apange kabla ya kushuti.

IMAX sasa. Episodi mbili za kwanza zilitangulia kwenye kumbi za IMAX tarehe 1 Septemba 2017, ABC wakaanza kuonyesha tarehe 29 mwezi huohuo, na zilipigwa kwa kamera za IMAX. Kwa maoni yangu hili ndo kosa lililowaumiza zaidi upande wa ufundi. Skrini kubwa haisamehe. Picha ya 4K ina pikseli mara nne ya ile ya 2K, kwa hiyo kila kosa ambalo kwenye TV sebuleni lingepita linasimama pale linakuangalia. Ukingo wa wigi kwenye paji la uso. Mshono wa vazi. Attilan ni mji wa kifalme uliojificha mwezini, mtu anategemea apigwe na butwaa, badala yake kuta ni tupu na kijivu, korido zinafanana, taa zimemwagwa sawasawa kila kona kama za ofisi. Taa za namna hiyo zinarahisisha kushuti haraka maana huhitaji kupanga upya kila kamera ikihama, ila zinakula kina chote cha picha. Na mtu aliyelipa kiingilio cha sinema anapima kwa kipimo cha sinema, huwezi kumwambia baadaye kwamba hii ni TV.

Kinachouma zaidi ni kwamba ilianza kama muvi kweli. Oktoba 2014 Marvel waliitangaza Inhumans kwenye ratiba yao ya muvi, 2016 ikaondolewa kwenye ratiba hiyo, ndo ikaja kuwa sirizi. Ahadi ikabaki kubwa, mfuko ukawa mdogo.

Kuhusu mwandishi. Scott Buck ndo alikuwa anaongoza sirizi, na mwaka huohuo mwezi Machi msimu wa kwanza wa Iron Fist, sirizi nyingine ya Marvel, nao chini yake, ulikuwa umelalamikiwa sana, kwa hiyo watu walimshukia. Mimi simbebeshi zigo lote, ratiba na bajeti hazipangwi na mtu mmoja. Ila kuna jambo moja ni la kwenye skripti na hakuna efekti inayoweza kulitibu. Kule Attilan, kijana akipitia mvuke wa Terrigen, ule unaoamsha nguvu zao, asipopata uwezo wa maana anapelekwa migodini, na familia ya kifalme inaishi juu imetulia tu. Maximus, aliyeigizwa na Iwan Rheon, anasimama anasema huu utaratibu sio wa haki. Mkuu, nilijikuta namuunga mkono adui! Na wale tunaotakiwa kuwapenda hawana jibu la kueleweka hadi muda umeshaenda sana. Mtazamaji akishakosa wa kusimama naye, hata ungemwekea nywele nzuri kuliko zote duniani angezikodolea macho tu bila kujali.

Waigizaji naomba wasiguswe. Anson Mount aliibeba Black Bolt bila kauli, akatunga mwenyewe lugha ya ishara ya mhusika wake, ukimwangalia mikono utaona maneno yanajirudia kwa ishara ileile. Kuna kale kashoti Hawaii polisi wanamkamata, anatoa mguno tu na gari linarushwa. Mguno tu! Hapo nilikaa sawa kwenye kiti, nikasema haya sasa, alafu tukarudi kwenye kutembea porini.

Mei 2018 ABC wakaifuta. Ila ukitaka kuona ninachosema kuhusu mpangilio, nenda kaangalie Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022. Black Bolt yumo, Anson Mount yuleyule, dakika chache tu. Kwanza wanakuonyesha ananong'ona maneno mawili ya kuomba radhi na mtu mbele yake anafutika. Umeshajua mdomo ule ni nini. Ndo baadaye Wanda, mchawi ambaye ndo adui kwenye muvi hiyo, anamwondolea huo mdomo, jamaa anashtuka, sauti inakosa pa kutokea inamgeukia humohumo kichwani. Ukumbi wote niliokuwa nimekaa uliguna.