Jibu: Nasomewa mashtaka ya wizi Jumatatu. Mkuu, usiseme "ni kweli"

Mkuu, acha. Acha kabisa. Hiyo "nitakubali tu yaishe" uliyoandika mstari wa mwisho ndiyo imenitoa usingizini. Sasa hivi ni saa saba usiku na asubuhi nina mageti mawili ya kuchomea.

Kwa mliochelewa: mleta mada anamdai rafiki yake laki saba, rafiki hapokei simu, jamaa akaenda kwake akaondoka na pikipiki "kama dhamana mpaka anilipe". Sasa ana hati ya mashtaka ya wizi mkononi. Anauliza wizi na kujipatia mali kwa udanganyifu vinatofautianaje, dhamana ya mahakamani inahitaji nini, pasipoti yake itakuwaje, na kama shemeji yake yuko sahihi kumwambia akiri, aombe msamaha, alipe faini arudi nyumbani.

Shemeji yako hayuko sahihi. Naanzia hapo na pengine nitaishia hapo hapo.

Mimi nilikuwa na mshauri wa aina hiyo, ila wako ni wa bure. Wangu nilimlipa laki na nusu.

Kisa chenyewe: mimi na mwenzangu tulinunua mashine ya kuchomea ya 1,300,000, kila mtu akatoa 650,000. Siku ya kununua nilikuwa na homa, akaenda yeye, risiti ikaandikwa jina lake. Tukafanya kazi mwaka na kitu, tukagombana kwa sababu ya hela ya madirisha ya mteja, nikaona basi, nachukua mashine nikafanyie kazi kwangu tukisubiri kugawana vizuri. Nikaita guta. Saa sita mchana. Mlinzi wa pale ndiye aliyenishikia upande mmoja tukapakia, nikamwachia na soda, nikamwambia "mwambie nimeichukua, anipigie". Chekeni tu. Nadhani mimi ndiye mwizi pekee nchini aliyeacha ujumbe na namba ya simu.

Siku tatu baadaye nikaitwa kituoni. Nikaandikishwa maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi, nikasimulia yote: nusu hela yangu, risiti, homa, soda ya mlinzi. Mpelelezi hakunipiga wala kunitisha, nisimsingizie. Alisema tu, "We ukifika mahakamani sema ukweli, hakimu hapendi maneno mengi." Kumbe ukweli wenyewe una namna ya kusemwa.

Sasa huyo mshauri. Pale nje ya mahakama, chini ya mti, kulikuwa na mzee mmoja mwenye begi jeusi la ngozi na miwani ya kuning'iniza shingoni. Kila mtu anamwita "mwanasheria". Sio wakili, hajawahi kuwa wakili, hata ndani haingii. Ni kishoka. Aliisoma hati yangu akiwa ameishika mbali na uso, akatikisa kichwa kama daktari, akasema: "Kijana, ulichukua hukuchukua?" Nikasema nilichukua. "Basi kubali. Ukikataa utasumbuka mwaka mzima, njoo leo, njoo kesho, shahidi hajafika. Ukikubali ni faini, jioni uko kwako." Laki na nusu. Kwa sentensi tatu. Elfu hamsini kwa kila sentensi, na zote tatu mbovu. Bado yupo pale. Mwezi uliopita nilipita na bodaboda nikamwona anatikisia kichwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na nilitamani nishuke.

Nikasimama kizimbani. Nikasomewa shtaka: kwamba tarehe fulani, mahali fulani, UKAIBA mashine moja ya kuchomea yenye thamani ya shilingi 1,300,000, MALI YA fulani. Kweli si kweli?

Nikajibu: "Ni kweli mheshimiwa, nilichukua."

Niwaeleze nilichokuja kuelezwa baadaye na wakili wa kweli, kwa dakika kama kumi, bure, huku akinywa chai. Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, wizi si kuchukua tu. Kifungu cha 258 kinataka uchukue kwa hila na bila dai la haki juu ya kitu hicho. Yaani kuna mkono, na kuna kilichokuwa kichwani wakati mkono unafanya kazi, na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ithibitishe vyote viwili bila kuacha shaka ya maana. Halafu kuna kifungu cha 9: kwenye makosa ya mali, mtu hana hatia ikiwa alichofanya alikifanya kwa kudai haki yake kwa moyo mweupe, bila nia ya kulaghai. Cha 8, kile cha "kutojua sheria si utetezi", kila mtu anakijua, hata konda wa daladala atakutajia. Jirani yake wa mlango wa pili, cha 9, hakuna anayekijua. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya cha 9 mzima mzima, nimejifunika na shuka, na nikatoka mwenyewe.

(Namba ninazotaja ni za toleo la 2022. Sheria zimerekebishwa upya baada ya hapo, kwa hiyo ukishika kitabu kipya na namba imesogea usije hapa kunitukana.)

Lakini sikilizeni, maana kosa langu kubwa wala si hiyo "nilichukua". Wakili alipopata nakala ya mwenendo wa kesi alitabasamu kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 228, inataka jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, na kweli hakimu aliandika vile vile: "Ni kweli, nilichukua." Wakili akasema hilo jibu lina utata, kuchukua si kuiba, hapo kuna pa kushika. Akafunua ukurasa wa pili. Tabasamu likaisha.

Kwa sababu ukishasema ni kweli hawakuhukumu papo hapo. Upande wa mashtaka unasoma maelezo ya kesi, yaani kilichotokea kwa upana, halafu wewe mshtakiwa unaulizwa tena kama ni kweli. Utaratibu huu ulisisitizwa tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, kwenye ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kesi iliyotoka Kenya, na lengo lake ni kumsaidia mtu kama mimi: ukisikia jambo ambalo silo, unasema, na hakimu anafuta kukiri kwako, inaandikwa umekana, kesi inasikilizwa. Ule ulikuwa mlango wa dharura. Ulifunguliwa mbele ya macho yangu.

Unajua nilikuwa nafanya nini wakati yanasomwa? Nilikuwa nahesabu kichwani nikiuza friji nitapata shilingi ngapi za faini. Mwendesha mashtaka anasoma "...akaiba mashine mali ya mlalamikaji, akiwa na nia ya kumnyima kabisa...", mimi nawaza friji. Hakuna neno la nusu hela yangu, hakuna mlinzi, hakuna soda. Nikaulizwa. Nikasema, na imeandikwa hivyo mpaka leo: "Maelezo yote ni kweli."

Maneno matatu na kitenzi. Yameniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kusema, na nimeshawahi kumwambia mama mkwe amenenepa.

Hesabu ya hasara ni hii. Faini laki nne au jela miezi sita. Friji liliuzwa kwa bei ya kutupa, na mama watoto alihangaika siku mbili kukamilisha hela, siku mbili ambazo mimi nilikuwa gerezani na sitaki kuzisimulia. "Jioni uko kwako," alisema yule mzee. Mashine ikaamriwa irudishwe kwa mwenzangu. Baadaye nikapata kazi nzuri kwenye kambi ya mkandarasi, wakataka hati ya tabia njema ya polisi, alama za vidole zikachukuliwa, kazi ikaishia hapo.

Na hili ndilo linalonikaba: ile 650,000 yangu. Naanzaje kwenda kudai nusu ya mashine ambayo nimekubali mbele ya hakimu, maelezo yote, kwamba ni mali ya mtu mwingine? Sikukiri wizi tu. Nilimpa mashine yote kwa mdomo wangu.

Rufaa? Kifungu cha 360 kinasema ukitiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, hukatii rufaa hatia, unakatia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kuna matundu machache ambayo mahakama zimeyakubali, kama kukiri kwenye utata au shtaka lisiloonyesha kosa lolote, ila mimi tundu langu nililiziba kwa "yote ni kweli". Na notisi ya rufaa ni ndani ya siku 10. Mimi kwa wakili nilifika mwezi wa tatu, kwa sababu niliona aibu.

Sasa wewe mkuu na pikipiki yako. Kwanza acha kuandika kila mahali "nilichukua kama dhamana". Umeiandika mara nne kwenye uzi mmoja. Unadhani inakuokoa kwa sababu hukutaka kuimiliki, si ndiyo? Kifungu hicho hicho cha 258 kinaorodhesha nia zinazohesabika kuwa hila, na mojawapo ni nia ya kukifanya kitu kiwe rehani. Soma tena. Unachokiona wewe ni utetezi, mwendesha mashtaka anakiona ni kipande cha kosa kinachotafutiwa mahali pa kukaa. Kama uliamini kwa dhati una haki ya kuishika, mlikubaliana hivyo, kuna ujumbe wa simu aliokuambia "nikishindwa chukua pikipiki", hilo ni jambo tofauti kabisa, ni cha 9 hicho, na huo ujumbe usiufute hata simu ikijaa. Mpelekee wakili. Huna hela, tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, ulizia ustawi wa jamii wilayani wakuelekeze wanaotoa msaada huo. Wa kweli hawakai chini ya mti na begi.

Jumatatu shtaka likisomwa, unaulizwa sentensi nzima, si tendo lako. Ukisema "si kweli" hujadanganya, kwa sababu neno lililo ndani ya sentensi ni "uliiba". Usianze kueleza. Usiseme "ni kweli lakini". Hiyo "lakini" ina tabia ya kubaki hewani. Ukikana, hakuna anayekuchukia, Katiba yenyewe ibara ya 13(6)(b) inakataza utendewe kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Na kama ikitokea umekosea ukasema ni kweli, yakianza kusomwa yale maelezo, toa akili kwenye friji. Sikiliza kila neno kama unayesikiliza namba za bahati nasibu. Likipita moja ambalo silo, nyoosha mkono.

Kuna mdau hapo juu ameandika kwamba anayekiri hupunguziwa adhabu. Sawa, kwa aliyeiba. Kama uliiba mkuu, kiri, nami nifute andiko hili nikalale.

Wizi na kujipatia kwa udanganyifu: kwa kifupi, huyu wa udanganyifu unampa mali mwenyewe kwa hiari baada ya kukuongopea, huyu wa wizi hukumpa. Wewe hukumdanganya mtu, achana nacho. Dhamana na pasipoti wapo humu wanaojua, watakujibu.

Hiyo hati ya mashtaka ipige picha, funika majina yote, nitumie pembeni kabla ya Jumapili. Nataka kuona wameandika "mali ya" nani.