Tunutu wangu haguswi

Swali: Huwa navua trauti Mto Sagana wikendi. Nzi bandia wa kuelea nimewazoea, lakini tangu nianze kutumia tunutu bandia, wale wa kuzama wanaoiga wadudu wachanga wa majini, siguswi kabisa. Rangi zote za dukani nimeshazijaribu. Nakosea wapi?
Msomaji, Nyeri

Jibu: Ndugu yangu, rangi ziache kwanza. Anayebadilisha chambo kila robo saa anamtajirisha muuza duka tu. Mimi naushuku mshipi wako.

Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa kuwa chini mawe huyazuia. Trauti hukaa huko chini, pua kaielekeza mto unakotoka, anangoja kuletewa. Ndivyo walivyokuwa wazee wake huko Scotland, kabla mayai yao hayajaletwa Mto Gura mwaka 1905. Sasa ukiulaza mshipi mrefu juu ya maji, mkondo unauburura, nao unamburura tunutu. Mdudu halisi hana mbio hizo, na samaki analijua hilo.

Kwa hiyo sogea. Rusha kuelekea mkondo unakotoka, umbali wa fimbo mbili hivi, kisha inua fimbo mpaka sehemu kubwa ya mshipi iwe hewani. (Ukiwa msituni, kagua kwanza kichaka kilicho nyuma yako, nyati haulizi leseni.) Kama unatumia kiboya, kifunge juu ya tunutu kwa urefu wa kina cha maji mara moja na nusu. Halafu tazama povu. Kiboya kikienda sambamba na povu, tunutu bado hajafika chini, au anaburutwa. Kinatakiwa kiachwe nyuma kidogo. Kisipoachwa, funga tunutu mwenye shanga nzito ya tangsteni kichwani. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, mimi siipendi kwenye maji mafupi.

Wala usingoje kuvutwa. Trauti huonja na kutema kabla mkono haujahisi kitu. Kiboya kikisita, kikizama au kikienda upande, inua fimbo papo hapo. Mara nyingi litakuwa jiwe. Vizuri, basi umefika chini.

Na kabla ya kwenda tena dukani, pindua jiwe moja la mtoni. Utaona tunutu wa kahawia, mikia mitatu, wanakimbilia upande wenye kivuli. Wengi hawazidi punje ya mchele. Anza na bandia wa ukubwa huo, ndoana namba 16.