Binti yangu ananikwepa, nimempoteza?

SWALI: Dada habari, nina binti wa miaka 15, zamani alikuwa habanduki kwangu, sasa hivi nikimuuliza shule vipi anajibu "poa" basi, anaingia chumbani anafunga mlango. Mimi nimelelewa na mama mkali, mambo ya kuambiana nakupenda hayakuwepo na mimi ndo nimekuwa hivyo hivyo. Rafiki yangu bintiye anamwambia kila kitu mpaka naona wivu. Juzi wangu alifeli mtihani, akaja jikoni akasimama tu mlangoni, nikamuuliza unataka nini, akasema hamna, akaondoka. Nimempoteza?

JIBU: Hujampoteza mama, mbona alikuja! Mtoto aliyekukatia tamaa hakufuati jikoni siku amefeli. Umri huo hahitaji tena kukaa ubavuni kwako, anachotaka kujua ni kama akikuhitaji utakuwepo, ndo maana mlango unafungwa halafu siku ya shida anakuja kusimama hapo.

Na hilo la kutoambiana nakupenda lisikuumize sana, maana upendo kila jamii ina namna yake ya kuuonyesha. Mtafiti Mary Ainsworth alifuatilia kina mama na watoto wachanga Uganda mwaka 1954 na 1955, akaona watoto wanampokea mama kwa kupiga makofi, baadaye Marekani akakuta wachanga wa kule wanakumbatia na kubusu, ila wote wanampenda mama. Hata rafiki yako usijipime naye, mwaka 1988 zililinganishwa tafiti 32 za jinsi wachanga wanavyoshikamana na mama zao, kutoka nchi 8, ikaonekana tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko kati ya nchi na nchi, yaani utamaduni mmoja nyumba mbalimbali.

Ukali nao, kama ni wa kuuliza uko wapi, uko na nani, na watoto wenzake nao wanaulizwa hivyo hivyo nyumbani, anaweza akauona ni kujaliwa kabisa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni ule wa kumnunia siku tatu, au "baada ya yote niliyokufanyia", au kumwaibisha mbele ya watu, huo unaumiza popote pale na mtoto anajifunza kukuficha.

Sasa akija tena usimuulize anataka nini, mpe kitu cha kufanya hapo hapo na wewe endelea na kazi yako, wengi wanaongea vizuri wasipoangaliwa usoni. Akikwambia jambo zito nyamaza kwanza, na usilipeleke kwa shangazi zake.