Biskuti za Idi kutanuka na kushikana kwenye trei

Dada, umesema biskuti zako zilitanuka na kushikana kwenye trei: ni kwa sababu siagi uliiyeyusha jikoni kwanza. Siagi iliyoyeyuka haishiki umbo. Iwe laini tu: ukiibonyeza, kidole kinaacha alama lakini haing'ai mafuta. Majarini laini ya kopo nayo ikwepe, nyingi zina maji mengi.

Kwa gramu 200 za siagi weka gramu 100 za sukari iliyosagwa laini kama unga, gramu 300 za unga wa ngano, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha iliki. Piga siagi na sukari dakika mbili, basi. Ukizidisha hewa zinaumuka halafu zinabwagika. Ukishatia unga changanya tu ushikane, ukikanda sana zinakuwa ngumu.

Sukuma unene wa nusu sentimita, watoto wakate nyota na mwezi, kisha trei nzima iingie kwenye friji dakika 30. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayookoa zile ncha za nyota! Oka nyuzi 170, dakika 12 hadi 15. Zitoe kingo zikianza kupata rangi, hata kama katikati bado laini, zitakaza zikipoa. Kama trei ni moja, ipoe kabisa kabla ya kupanga za pili.